Wahandisi wa vifaa tiba na njia ya Ujerumani: Viza ni hatua ya mwisho

Na Mwandishi Wetu

MASHINE ya kusafisha figo inapozimika usiku, mgonjwa akiwa kitandani na damu yake ikiwa bado imo ndani ya mipira, anayehitajika si daktari na muuguzi peke yao. Anahitajika pia mtu ambaye wagonjwa wengi hawajui hata kama yupo, naye ni mhandisi wa vifaa tiba.

Huyo ndiye anayefungua mashine ya kupumulia, anayehakiki kama kipimo cha shinikizo la damu kinasema kweli, na anayeamua kama CT-Scan iliyosimama inahitaji fyuzi ya bei ndogo au kipuri cha mamilioni.

Leo mtaalamu huyo hatafutwi na hospitali yake tu. Ujerumani, mojawapo ya nchi zenye viwanda vikubwa vya vifaa tiba duniani, ililegeza sheria zake za uhamiaji kwa awamu kati ya mwaka 2020 na 2024, ili kuwapata wahandisi na mafundi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya.

Habari hizo zimefika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, lakini si zote zimefika zikiwa kamili. Kijana akiambiwa tu kwamba "kuna viza", ni rahisi kukusanya fedha, kukimbilia kwa wakala, na baadaye kugundua kuwa alianzia mwishoni.

Ukizisoma sheria zenyewe, jambo moja linajitokeza waziwazi: viza ni hatua ya mwisho. Mlango hufunguliwa na karatasi zinazoitangulia, yaani cheti kinachotambuliwa, mkataba wa kazi wenye mshahara unaotakiwa na, kwa baadhi ya njia, uthibitisho wa lugha.

Kwa nini Ujerumani

Historia ya nchi hiyo katika fani hii ni ndefu. Novemba 8, 1895, katika mji wa Würzburg, mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale ambayo leo hutumika kupiga picha za mifupa na mapafu katika hospitali zetu zote.

Mwendo mfupi kutoka hapo, mjini Erlangen, iko kampuni ya Siemens Healthineers, inayotengeneza mashine za CT-Scan na MRI. Mjini Lübeck, kaskazini, iko kampuni ya Dräger, iliyoanzishwa mwaka 1889, ambayo jina lake husomeka kwenye mashine za usingizi na za kupumulia katika vyumba vingi vya upasuaji.

Kusini, katika jimbo la Baden-Württemberg, uko mji mdogo wa Tuttlingen. Ukubwa wake haufikii wilaya moja ya Dar es Salaam, lakini una mamia ya kampuni zinazotengeneza visu, mikasi, koleo na kamera za upasuaji.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kampuni nyingi katika sekta hiyo ni ndogo na za kati. Mhandisi anaweza kujikuta kiwandani pamoja na watu 60, ambako mazungumzo ya asubuhi, maelekezo ya mashine na utani wa chakula cha mchana vyote ni kwa Kijerumani.

Cheti kwanza

Swali la kwanza ambalo mamlaka za Ujerumani huuliza ni kama shahada ya mwombaji inalingana na ya kwao.

Jibu hutafutwa katika hifadhidata ya serikali iitwayo anabin, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwa intaneti bila malipo. Humo mwombaji huangalia mambo mawili: kwanza, kama chuo chake kimewekewa alama ya H+, maana yake kinatambuliwa, pili, kama shahada yake imeorodheshwa kuwa inalingana na ya Kijerumani.

Iwapo chuo kimo lakini shahada haimo, mwombaji hupeleka nyaraka zake kwenye Ofisi Kuu ya Elimu ya Kigeni iliyoko Bonn, ifahamikayo kwa kifupi kama ZAB, ili ipewe hati ya ulinganisho. Ada yake ni zaidi kidogo ya euro 200.

Hapa wengi huchanganya mambo. Kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) nchini Tanzania, au na bodi ya namna hiyo nchini Kenya, ni heshima na ni ushahidi mzuri wa uzoefu, lakini hakuchukui nafasi ya ulinganisho wa shahada.

Vilevile, jina la "mhandisi" linalindwa na sheria za majimbo ya Ujerumani. Asiye na kibali cha jimbo haruhusiwi kulitumia kama cheo chake. Hata hivyo, anaweza kuajiriwa kiwandani na kufanya kazi za kihandisi bila cheo hicho, tofauti na daktari au muuguzi ambaye hawezi kugusa mgonjwa kabla ya kupata leseni.

Tofauti hiyo ni faida kubwa kwa mhandisi wa vifaa tiba. Yumo katika sekta ya afya, lakini habebi mzigo wa leseni ya afya.

Kadi ya Bluu

Mwenye shahada inayotambuliwa na mkataba wa kazi anaweza kuomba Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, ambayo masharti yake nchini Ujerumani yalilegezwa Novemba 18, 2023.

Mkataba huo lazima uwe wa angalau miezi sita, kazi ilingane na elimu, na mshahara ufikie kiwango kinachotangazwa kila mwaka. Kwa mwaka 2026 kiwango cha kawaida ni euro 50,700 kwa mwaka kabla ya makato.

Kwa fani zenye upungufu, na uhandisi ni mojawapo, kiwango hushuka hadi euro 45,934.20. Unafuu huo huo huwahusu waliohitimu shahada katika miaka mitatu iliyopita, hata kama fani yao haimo katika orodha ya upungufu. Kwa njia hii ya unafuu, Shirika la Ajira la Shirikisho hutakiwa kutoa idhini baada ya kukagua masharti ya kazi.

Kiwango hicho cha chini ni sawa na takriban euro 3,828 kwa mwezi. Msomaji asikibadilishe kuwa shilingi na kuanza kupanga kujenga nyumba, kwa kuwa kodi na michango ya bima ya afya, pensheni na ukosefu wa ajira hukatwa kabla mshahara haujafika benki, na kodi ya pango katika miji kama Munich ni kubwa.

Mwenye Kadi ya Bluu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 ya kazi akiwa na Kijerumani cha ngazi ya awali, A1. Akifikia ngazi ya B1, muda hupungua hadi miezi 21.

Mke au mume wake haruhusiwi kuishi tu, bali pia kufanya kazi yoyote, tena bila kudaiwa cheti cha Kijerumani kabla ya kusafiri. Katika miezi 12 ya kwanza, mwenye kadi akibadili mwajiri hana budi kuiarifu ofisi ya wageni.

Kadi ya Fursa

Je, ambaye hajapata mwajiri afanye nini? Kwa ajili yake ilianzishwa Kadi ya Fursa, Juni 1, 2024. Hii humruhusu mtu kuingia Ujerumani na kutafuta kazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja.

Mwenye elimu iliyotambuliwa kikamilifu haulizwi alama. Wengine wote hutakiwa kwanza wawe na shahada, au mafunzo ya ufundi yasiyopungua miaka miwili, yanayotambuliwa na serikali ya nchi walikosoma. Pia wawe na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, kisha wafikishe alama sita.

Tuchukue mfano wa kubuni wa fundi sanifu mwenye stashahada ya miaka mitatu ya vifaa tiba, umri wa miaka 31, aliyefanya kazi hospitalini kwa miaka mitatu mfululizo.

Uzoefu wa angalau miaka miwili ndani ya mitano iliyopita humpa alama 2. Umri usiozidi miaka 35 humpa alama nyingine 2. Akiwa na Kijerumani cha A2 hupata alama 1, na Kiingereza cha C1 humwongezea 1. Jumla ni sita, na mlango umefunguka.

Lakini mlango huo una gharama. Mwombaji huonyesha kuwa anaweza kujikimu, na kiwango kilichowekwa mwaka 2025 ni euro 1,091 kwa mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka mzima. Kwa kawaida fedha hizo huwekwa katika akaunti maalumu ambayo mwenyewe hawezi kuchota isipokuwa kwa mafungu ya kila mwezi.

Akiwa huko anaruhusiwa kufanya kazi za muda zisizozidi saa 20 kwa wiki, pamoja na kazi za majaribio za hadi wiki mbili kwa kila mwajiri. Asipopata kazi inayompa kibali kingine, mwaka ukiisha hurudi nyumbani, na akiba yake imekwisha.

Kwa hiyo Kadi ya Fursa si ajira, bali ni ruhusa ya kwenda kubisha hodi kwa gharama zako mwenyewe. Mwenye uwezo wa kufanya usaili kwa njia ya video akiwa Mbeya au Mombasa, na kupata mkataba kabla ya kuondoka, atakuwa ameokoa fedha nyingi.

Wenye stashahada hawakusahauliwa

Wanaozitengeneza mashine za hospitali zetu si wenye shahada peke yao. Wengi wametoka katika vyuo vya ufundi, kama Chuo cha Ufundi Arusha kwa Tanzania na Chuo cha Mafunzo ya Tiba (KMTC) kwa Kenya.

Tangu Machi 1, 2024, Ujerumani humpokea pia mtu mwenye mafunzo ya ufundi yanayotambuliwa kwao na uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, bila kumlazimisha kwanza cheti chake kilinganishwe na cha Kijerumani. Sharti ni mkataba wenye mshahara wa angalau euro 45,630 kwa mwaka 2026.

Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa kusoma katika chuo kilichosajiliwa. Kwa Tanzania, stashahada iliyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) inaweza kuthibitishwa. Cheti cha kozi ya miezi sita ya mtaani hakitasaidia, hata kama mwenye nacho ni fundi hodari kuliko wote.

Njia nyingine iliyoanza siku hiyo hiyo ni makubaliano ya utambuzi, ambapo mwajiri humpokea mfanyakazi mwenye Kijerumani cha A2, kisha wote wawili hukamilisha utaratibu wa kukitambua cheti wakati kazi inaendelea. Muda wake unaweza kufika miaka mitatu.

Walio na umri zaidi ya miaka 45 wajue kwamba, kwa njia zilizo nje ya Kadi ya Bluu, wanaokwenda kwa mara ya kwanza hudaiwa mshahara mkubwa zaidi au uthibitisho wa akiba ya uzeeni.

Kazi ya kiwandani si ya karakana

Kikwazo kinachosemwa kidogo kuliko vyote hakimo katika sheria za uhamiaji. Kimo katika aina ya kazi yenyewe.

Mhandisi wa hospitali zetu hurekebisha kilichoharibika, na mara nyingi hufanya hivyo bila kipuri wala kitabu cha maelekezo. Kiwanda cha Ulaya hutafuta mtu wa kubuni kifaa, kukijaribu, na juu ya yote kuandika ushahidi kwamba kifaa hicho ni salama.

Maandishi hayo yaliongezeka baada ya Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/745 kuanza kutumika Mei 26, 2021. Mzigo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2023 Umoja huo uliongeza muda wa mpito kwa vifaa vya zamani hadi mwisho wa mwaka 2027 kwa vile vya hatari kubwa, na mwisho wa mwaka 2028 kwa vingine.

Maana yake ni kwamba kampuni zinahitaji watu wanaofahamu viwango: ISO 13485 kwa mfumo wa ubora, ISO 14971 kwa udhibiti wa hatari, IEC 60601 kwa usalama wa vifaa vya umeme, na IEC 62304 kwa programu za kompyuta zilizo ndani ya mashine.

Viwango hivyo vinaweza kusomwa ukiwa nyumbani. Mhandisi aliyewahi kuandaa kumbukumbu za usajili wa kifaa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), au anayetunza daftari la matengenezo lenye tarehe, hitilafu, chanzo na matokeo ya vipimo, tayari ana lugha ambayo mwajiri wa Tuttlingen ataielewa.

Sentensi isemayo "nilitengeneza mashine mbalimbali" haina uzito katika wasifu wa mwombaji kazi. Isemayo "nilihudumia mashine 12 za kusafisha figo kwa miaka mitatu, nikapima usalama wake wa umeme kila miezi sita" ina uzito, mradi iwe kweli na mwajiri wa awali aitilie muhuri.

Milango mingine

Marekani, ambayo ndiyo soko kubwa kuliko yote la vifaa tiba, njia zake zimekuwa nyembamba. Viza ya kazi ya H-1B ina kikomo cha watu 85,000 kwa mwaka, ingawa vyuo vikuu na taasisi za utafiti zisizo za faida hazihesabiwi katika kikomo hicho.

Septemba 2025, Rais Donald Trump alitia saini tangazo lililoweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya wafanyakazi walio nje ya nchi hiyo, kwa muda wa miezi 12. Desemba 2025 alisaini jingine lililoiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake waliwekewa vizuizi vya sehemu kuanzia Januari 1, 2026, vikiwamo vya viza za uhamiaji na za masomo.

Uingereza nayo ilipandisha kiwango cha mshahara wa mfanyakazi mwenye ujuzi hadi pauni 41,700 kwa mwaka kuanzia Julai 22, 2025, na kazi yenyewe sharti iwe ya ngazi ya shahada. Tangu Januari 8, 2026, waombaji wapya hutakiwa kuwa na Kiingereza cha B2.

Mikataba na matapeli

Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira. Mara zikaenea habari kwamba nafasi 250,000 zimetengwa kwa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha, ikasema mkataba hautaji idadi yoyote na kwamba kila mwombaji lazima atimize masharti ya sheria.

Kanusho hilo linawahusu Watanzania na Waganda pia. Popote palipo na namba kubwa na haraka nyingi, yupo mtu anayetaka malipo ya awali.

Ombi la viza ya kitaifa ya Ujerumani hugharimu euro 75. Huanzia katika tovuti ya huduma za kibalozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, kisha mwombaji hufika mwenyewe ubalozini. Mwajiri mwenye haraka anaweza kulipia huko kwao utaratibu wa kuharakisha kwa euro 411.

Anayetumia wakala ahakikishe kwamba wakala huyo ana leseni. Kwa Tanzania taarifa hupatikana kwa Wakala wa Huduma za Ajira (TaESA), na kwa Kenya ni Mamlaka ya Taifa ya Ajira.

Uraia nao uangaliwe mapema. Tangu Juni 27, 2024, Ujerumani humruhusu mgeni kuomba uraia baada ya miaka mitano bila kuukana wa awali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini sheria ya Tanzania kwa ujumla haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Mtanzania ana cha kupoteza ambacho jirani yake hana.

Nani atabaki na mashine

Liko swali ambalo sheria za Ujerumani haziliulizi. Utafiti wa Lora Perry na Robert Malkin, uliochapishwa mwaka 2011 kwa kutumia orodha za vifaa kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo, ulionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa tiba vilikuwa havifanyi kazi.

Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni uhaba wa mafunzo, wa vipuri na wa usimamizi. Kila fundi mahiri anayeondoka huacha chumba chenye mashine ambazo yeye ndiye aliyezijua tabia zake.

Hata hivyo, si haki kumtwika kijana mmoja lawama hiyo. Hospitali inayonunua mashine ya mamilioni bila kutenga fedha za matengenezo, na inayomlipa mhandisi wake kama mtunza stoo, ndiyo iliyotangulia kumwaga.

Nchi inayomhitaji imekwisha kuandika katika sheria ni mshahara gani wa chini inaouona kuwa halali kwa kazi yake, hadi senti ya mwisho. Huku nyumbani, mashine za kusafisha figo zinaendelea kuzimika usiku, na anayeitwa kuziwasha bado anasubiri kuona thamani yake ikiandikwa mahali popote.